Puto Ambalo Halijapulizwa

Ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi, na mvua ya manyunyu ilikuwa haijakatika tangu alfajiri. Katika wodi ya wanaume, kwenye kitanda cha pili kutoka dirishani, Fundi alijaza puto jekundu kwa pumzi tatu tu, na wodi nzima ikampigia makofi.

"Hongera, Fundi!" alisema Dereva kutoka kitanda cha jirani, mguu wake uliovunjika ukining'inia kwenye kamba. "Jana ulikuwa unakohoa kama pikipiki iliyoishiwa mafuta. Leo umekuwa lori!"

Hata Sista, muuguzi wa zamu ambaye sifa zake zilikuwa adimu, alitabasamu. Mke wa Fundi, aliyekuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, alipiga makofi kuliko wote. Aliyapiga haraka kidogo, na aliacha haraka vilevile.

Fundi hakutabasamu. Aliliachia puto likatoa hewa polepole, akalilaza kiganjani, kisha akalipapasa shingo kwa kidole gumba.

Alikuwa ameziba pancha kwa zaidi ya nusu ya maisha yake. Kibandani kwake, kando ya barabara kuu, magari makubwa yalipanga foleni hata kulipokuwa na mafundi wengine jirani wasio na kazi. Sababu ilikuwa moja, na Fundi aliitaja bila haya kwa kila aliyeuliza: hakuna mteja aliyewahi kuuziwa naye tyubu kuukuu kwa jina la mpya. Hakuhitaji kuitazama tyubu ili kuijua. Aliivuta tu kidogo, akaiacha, akasikiliza inavyorudi. Mpira uliokwisha kuvutwa sana haurudi wote. Hubaki na ulegevu fulani, kama kitambaa cha kiwiko cha shati la zamani.

Puto lililokuwa kiganjani mwake lilikuwa na ulegevu huo.

Jambo lenyewe halikuwa dogo. Usaha ulikuwa umejaa kifuani mwake hadi pafu la kulia likasinyaa. Madaktari walimwingiza mrija ubavuni, na usaha ulikuwa ukishuka ndani ya chupa chini ya kitanda, lakini pafu lilikuwa bado limejikunja. Daktari alikuwa amesema waziwazi: saa nane mchana huu kifua kitapigwa picha. Pafu likionekana limefunguka, mrija utatolewa. Likiwa bado limejikunja, kifua kitapasuliwa. Fundi alikuwa ameuliza swali moja tu, kama mtu aliyepasuliwa kifua huweza tena kunyanyua tairi la lori. Daktari alikuwa amejibu kwamba hawezi kumwahidi.

"Mama watoto," alisema sasa, "puto hili limetoka wapi?"

"Si lile ulilopewa juzi na Sista?"

"Nililopewa juzi lilikuwa gumu. Hili limelegea."

"Wewe nawe! Umepata nguvu, badala ya kushukuru unalisema puto."

"Nani amelipuliza?"

Mkewe alitazama matone kwenye kioo cha dirisha. Kisha aligeuka akamtazama usoni, kwa kuwa hakuwa mwanamke wa kuficha jambo likishaulizwa mara mbili.

"Mimi. Ulipokuwa umelala. Nimelivuta, nimelipuliza, nimelivuta tena mpaka midomo ikaniuma. Baba watoto, nilikuona unavyotokwa jasho, mishipa imekusimama shingoni, na kitu chenyewe hakisogei hata kidogo. Nikasema, leo likukubali. Nimekosea?"

"Hujakosea, shemeji," alidakia Dereva. "Mke wangu angelijaza yeye mwenyewe, alifunge, kisha anikabidhi niringe nalo."

Wagonjwa walicheka. Sista hakucheka. Alisogea karibu na kitanda, akashusha sauti.

"Mama, puto si mtihani. Mtihani ni picha. Puto ni mazoezi tu." Alikunja ngumi yake, akaikumbatia kwa kiganja cha mkono mwingine. "Pafu lina vifuko vidogo vidogo vya hewa. Kilichokwisha kufunguka hujaa kwa urahisi. Kilichosinyaa ndicho kinachogoma, kwa sababu kadiri kilivyo kidogo ndivyo ngozi yake inavyokibana zaidi. Sasa puto gumu linamlazimisha avute hewa ifike chini kabisa, aisukume, aivumilie. Hilo laini halimdai kitu."

"Kwa hiyo nimemharibia," alisema mke, na mikono yake ikatulia mapajani.

"Hujaharibu chochote," alisema Fundi. "Sista, niletee jipya."

"Nitakuletea. Lakini livute kwanza kwa vidole, lilainike kidogo. Wagonjwa wote ndivyo ninavyowaambia."

"Usilivute, Sista. Lete kama lilivyotoka kwenye pakiti."

"Fundi, una kidonda ubavuni."

"Najua kilipo. Lete puto ambalo halijapulizwa na mtu."

Lilikuwa la buluu, dogo, na bado lilikuwa na ungaunga ndani ya shingo. Fundi aliliweka midomoni akapuliza. Mashavu yalijaa, puto halikujaa. Alipumzika, akapuliza tena. Kidonda kilimchoma hadi macho yakalowa.

"Gari limekataa kuwaka," alisema Dereva. "Tushuke tusukume?"

"Wewe shuka na huo mguu wako tuone," alijibu Fundi, akihema.

Ugumu huo aliujua. Tyubu ikijazwa ikiwa nje ya tairi, hugoma mwanzoni, ikabana kila mahali kwa nguvu ileile. Pampu huwa nzito mkononi kana kwamba imeziba. Kisha upande mmoja hutoa uvimbe, na kuanzia hapo pampu huwa nyepesi. Mafundi wachanga huacha kusukuma muda mfupi kabla ya uvimbe kutokea, wakaja kulalamika kwamba pampu ni mbovu.

Mkewe alinyanyuka kumsaidia, ingawa hakujua kwa namna gani. Sista alimshika mkono, akaulaza ubavuni mwa Fundi, juu ya bandeji, akaukandamiza.

"Mshike hapa. Akipuliza, wewe bana. Hivyo kidonda hakitamuuma sana."

Fundi alivuta hewa kwa pua, ndefu, mpaka ikafika mahali palipokuwa pamejifunga na pakauma kama mlango uliovimba kwa mvua. Akapuliza. Karibu na shingo ya puto palitokea uvimbe mdogo kama yai la njiwa.

"Usiliachie!" alisema Dereva, bila mzaha safari hii.

Fundi aliliziba kwa ulimi, akavuta tena kwa pua, akasukuma. Puto lilitetemeka, likashindana naye, kisha likakubali ghafla, likafunguka lote kwa hewa kidogo tu, jepesi na angavu, mpaka Dereva akaonekana wa buluu upande wa pili. Fundi aliacha mpira ulipoanza kukaza upya.

"Ongeza!" alipaza sauti mgonjwa mmoja mlangoni.

"Hapana. Likipita hapo litapasuka," alisema Fundi, naye hakutaka kuonekana anavyotweta.

Sista hakuwa akilitazama puto. Alikuwa amechuchumaa kando ya chupa, akiangalia majimaji yakishuka kwenye mrija, mengi kuliko yaliyoshuka tangu jana.

"Rudia," alisema.

Fundi aliliachia puto la buluu hewa ikatoka, akalivuta kidogo, akaliacha lirudi. "Hili tayari limelegea. Nipe jingine."

"Utatumalizia maputo ya wodi!"

"Agiza mengine."

Sista alikwenda kuyaleta. Mkewe alibaki na kiganja juu ya bandeji, na kila mumewe alipovuta hewa, mbavu zilimsukuma mkono.

Saa nane mhudumu alileta kiti cha magurudumu. Sista aliishika chupa chini ya usawa wa kifua na kutembea nayo kando ya kiti. Dereva alilichukua puto jekundu, akalipuliza kwa pumzi mbili, akawatangazia wagonjwa kwamba ameshinda. Mke wa Fundi alitandika kitanda, akakitandua kwa kuwa hakuridhika na mikunjo, akakitandika tena. Daktari alinawa mikono na kusubiri mbele ya kioo cha kutazamia picha. Katika chumba cha picha, mpigaji alimwambia Fundi asimame wima, kifua kwenye bamba, avute pumzi na kuizuia. Fundi alivuta. Mashine ililia.

"Basi, mzee, unaweza kuachia," alisema mpigaji.

Fundi aliendelea kuishikilia.