Benchi la Absalom

Kila Jumamosi saa nne asubuhi, wageni hufika kwenye karakana ya Gachau pale Gitothua kuona jinsi vigae vya Kimoroko vinavyotengenezwa. Wanaonyeshwa udongo, gurudumu la kufinyangia vyungu, tanuri, na mwisho kabisa chumba cha kukatia vigae. Hapo wanaombwa wasiguse madirisha. Upepo ukiingia, vipande vidogo vinahama na kazi ya wiki nzima inaharibika. Wageni huziba pua kwa leso, hupiga picha, hutoka wakikung'uta viatu. Wafanyakazi hubaki.

Warigia alikuja Jumamosi moja ya Juni, akafuata wageni kimya kimya. Mumewe Absalom alikata vigae katika chumba hicho miaka kumi na mmoja, akafa mwezi wa tatu kwa kifua. Daktari alisema mapafu yake yalikuwa yamejaa vumbi kama ukuta wa mashine ya kusaga unga wa posho. Gachau alikuja nyumbani kwao Mugutha kwenye mazishi na shada kubwa la maua, na kusema ukweli aliongea vizuri. Ila alipoulizwa habari ya vumbi, alijibu kwamba kifua ni cha mtu mwenyewe. Gachau ndivyo alivyo: atakuagizia chai, na lile ulilokuja kuomba hatakupa.

Warigia hakuja kuzozana. Alikuja kwa sababu Salehe, fundi mkuu, alimpigia simu kumwambia kwamba mumewe ameonekana.

Ilikuwa hivi. Vigae hivi hupangwa kifudifudi, rangi chini, mgongo juu. Kisha plasta humwagwa juu yake, na ikishika, paneli nzima hupinduliwa. Fundi hupanga kwa kichwa, si kwa macho. Salehe, aliyejifunza kazi hiyo Moroko miaka minne, hakuwahi kukosea nyota hata moja. Lakini tangu Absalom azikwe, Salehe alikuwa akipanga nyota, na paneli ikipinduliwa anayeonekana ni Absalom, ameketi kwenye benchi lake na nyundo mkononi, dirisha limefungwa nyuma yake. Kwenye paneli ya kwanza vumbi lilimfika vifundoni. Kwenye ya pili, magotini. Ya tatu ndiyo aliyoonyeshwa Warigia, na vumbi lilikuwa limefika kiunoni.

"Amekonda," Warigia alisema.

Salehe alikubali kwamba amekonda. Alisema amejaribu kupanga maua, akajaribu mistari mitupu, na bado ni yeye tu.

Gachau hakulalamika. Paneli ya kwanza ilikuwa imeenda hoteli moja ya Thika, ya pili bafuni kwa mtu fulani, na wateja walisifu jinsi fundi huyo anavyokaa kama anapumua. Warigia alimwomba ile ya tatu aende nayo nyumbani. Ilikuwa na mwenyewe tayari. Basi akamwomba afungue madirisha.

"Upepo, Mama Njambi," Gachau alimwambia kwa upole, akimwita kwa jina la mtoto wake. "Wewe mwenyewe unajua."

Warigia alirudi Mugutha na usiku huo hakula. Mtu alikuwa amekufa kwa vumbi lile mara moja, sasa linamzika tena polepole, na watu wanaoga mbele yake. Ndipo akafikiria lile dirisha lililofungwa nyuma yake kwenye paneli: likifunguliwa, vumbi litatoka. Absalom alikuwa amemfundisha kukata na kupanga, jioni, juu ya meza ya kulia, kabla kikohozi hakijaanza. Jumatatu akaenda kuomba benchi la mumewe. Gachau alimpa papo hapo, maana kazi ilikuwa imelundikana.

Alifanya kazi wiki tatu, mdomo amefunga kitambaa. Hakupanga mtu. Alijua Absalom atakuja mwenyewe. Alipanga dirisha tu, limefunguliwa pande zote mbili, na nje yake mbingu ya Gitothua, buluu tupu, kipande kwa kipande mpaka vidole vikachubuka.

Siku ya kupindua, wanaume wanne waliinua paneli. Salehe akaipangusa kwa kitambaa chenye maji.

Absalom alikuwepo. Vumbi lilikuwa limefika kifuani. Dirisha lilikuwa limefungwa, hata komeo lilionekana. Buluu yote aliyoipanga Warigia ilikuwa kwenye shati lake, lile alilozikwa nalo. Ila safari hii alikuwa amesogea hadi mwisho wa benchi, na kando yake kulikuwa na nafasi, imepanguswa vumbi kwa kiganja, inayomtosha mtu mmoja.

Hakuna aliyeshangaa. Salehe aliitazama nafasi ile, akamtazama Warigia.

"Shemeji, nenda nyumbani."

"Nitaenda jioni," Warigia alisema.

Gachau aliingia na futi yake, akapima paneli, akasema mteja ataipenda, ile sehemu tupu inapumzisha macho. Kabla hajatoka alipita dirisha kwa dirisha kuhakikisha yote yamefungwa, kwa sababu nje upepo ulikuwa umeanza. Warigia alikohoa mara mbili, akaketi upande wake wa benchi, akachukua nyundo.