Magunia ya Gichiaro

Mwaka wa 1984, mvua ilipokosa tena, kanisa letu la Muthara lilichanga mahindi na maharagwe ya kupeleka Tharaka, kule chini ambako watu walikuwa wanakufa. Sisi wa juu tulikuwa na kidogo. Wao hawakuwa na chochote. Nilichaguliwa kuongoza safari kwa sababu nilikuwa nimesoma ngumbaru, masomo ya watu wazima, mpaka nikajua kusoma ramani, na kwa sababu mimi si mtu wa kuyumbishwa. Mzigo wote ulikuwa wa zahanati moja ya misheni, ambako muuguzi Ednah, mwenyeji wa Embu, alikuwa amebaki na watoto bila uji. Alikuwa ametuma neno: mkichelewa mtakuta makaburi.

Tuliombewa alfajiri tukaondoka. Lori lilikuwa la Misheck, na alikuwa amekataa hata pesa za mafuta. Tulipita mji wa Meru, tukaanza kuteremka. Baridi ikabaki nyuma. Miti ikawa myeupe kwa vumbi.

"Bwana Riungu," Misheck akasema, "hiyo ramani yako inaonyesha mashimo?"

"Inaonyesha madereva wanaoyaingia yote."

Alikuwa bado anacheka alipokanyaga breki. Mtu alikuwa amesimama katikati ya barabara. Hakuwa ameshtushwa na honi. Alikuja hadi dirishani kwa Misheck, akasimama bila kuomba hata maji. Nzi waliokuwa wakitusumbua tangu Mitunguu hawakumgusa.

"Wewe ni wa ukoo gani?" akamuuliza Misheck.

Misheck akamtajia.

"Basi mimi ni gichiaro wako. Nataka chakula kwa nyumba zangu."

Koo mbili zilizokula kiapo cha gichiaro ni ndugu kuliko ndugu wa tumbo moja. Anachoomba mmoja, mwingine hamnyimi. Anayenyima huona mabaya kwake na kwa watoto wake. Mimi nilikuwa nikifundisha katekisimu, na mambo hayo nilikuwa nimeyaacha.

"Misheck, magunia haya si yako," nikamwambia.

"Lakini ngozi ni yangu, baite. Siwezi kumnyima huyu nikarudi nyumbani mzima."

Akakata kona, akamfuata yule mtu kwenye njia ya mbuzi. Mtu alitembea polepole, lori likaja mbio, na hatukumkaribia hata kidogo.

Tulifika kwenye nyumba za udongo, milango wazi. Hakuna mbwa aliyebweka. Hakuna kuku, hakuna mtoto aliyelia. Juu ya mlango wa kwanza kulikuwa na mzinga wa nyuki, nao ulikuwa kimya. "Kila mlango na gunia lake," mtu yule alisema. Tulishusha tukiwa tumeinamisha vichwa. Tulipomaliza, nusu ya mzigo ilikuwa chini, na mtu yule hatukumwona tena. Misheck aliita. Sauti yake haikurudi hata kama mwangwi.

Pale zahanati Ednah aliingia nyuma ya lori, akatoka amekasirika.

"Na mengine yako wapi? Haya hayatafika hata Jumapili!"

Nilimweleza. Bibi mmoja aliyekuwa amelala kando ya ukuta, jina lake Karwirwa, akainua kichwa.

"Mlango wa kwanza una mzinga juu yake?"

"Ndiyo, nyanya."

"Hapo ni kwa jirani yangu. Hakuna mtu pale. Wengine niliwazika. Wengine nguvu ziliniisha."

Ednah alinigeukia. "Basi rudini mkachukue! Hawa wangu wako hai."

"Kilichopewa gichiaro hakirudishwi," Misheck akasema.

"Hakirudishwi," bibi akakubali, "lakini huombwa. Kiapo kina pande mbili, mwanangu. Wao pia ni gichiaro wako. Nenda uwaombe. Nibebeni nikutajie majina yao."

Tulirudi naye mchana uleule. Magunia hayakuwa milangoni. Yalikuwa ndani, kila moja kando ya mafiga, nyuzi hazijakatwa. Mavumbini palikuwa na nyayo zetu tu.

Mimi sikungoja maombi. Nililishika gunia la nyumba yenye mzinga. Asubuhi nilikuwa nimelibeba peke yangu begani. Halikusogea. Nikavuta mpaka kucha zikatoka damu.

"Toka hapo, Bwana Msomi," Misheck akaninong'oneza.

Karwirwa akatamka jina. Misheck akavua kofia, akaliita jina hilo mlangoni. "Mimi ni gichiaro wako. Kuna watoto wana njaa. Naomba hiki chakula." Tukangoja. Ndani kitu kama pumzi kikapita. Nilipolishika tena, gunia lilikuja.

Tukaenda hivyo, jina kwa jina, mpaka mlango wa mwisho. Hapo Misheck aliomba, akaomba tena, na gunia likakataa.

"Huyo ni mume wangu," Karwirwa akasema. "Hata akiwa hai alikuwa anahesabu chumvi. Mwacheni na lake."

Tukainama tumbebe bibi. Akatusukuma, akaketi kizingitini.

"Nitabaki nimpikie."

"Nyanya, utakufa hapa," nikamwambia. "Zahanati ina kitanda chako."

"Akilalie mtoto." Akamtazama Misheck. "Wewe ni gichiaro wetu. Nakuomba uniache."

Nilimshika Misheck mkono. Nilijua mistari mingi ya Biblia, na hakuna hata mmoja uliokuja. Alifuta macho kwa kofia yake, akapanda lori, akaliwasha.

Tulipofika barabarani nikatazama nyuma. Moshi ulikuwa unapanda kutoka paa la mwisho, mweupe, umenyooka. Hatukuwa tumemwachia kiberiti. Misheck hakugeuka, alikuwa amekanyaga mafuta mpaka mwisho, kwa sababu Ednah alikuwa ameshateleka maji ya uji.