Amina ya Kamuthanga

Uliiona tenti. Usiseme hukuiona, maana ilikuwa nyeupe pe, na barabara ya Ishiara inapita pale pale kando yake. Uliwaona akina mama wamekaa chini juani na wageni wamekaa vitini kivulini, ukajisemea hayo ni mambo yao, ukarudia simu yako. Ndivyo ulivyo. Ulifundishwa tangu Shule ya Jumapili kwamba mambo yakiwa mazito mtu hufumba macho. Basi sikiliza yaliyotendeka ukiwa umeyafumba.

Kamuthanga ina mto usioonyesha maji. Wageni hucheka wakionyeshwa, kwa sababu kiangazi wanachokiona ni mchanga mtupu kutoka ukingo huu hadi ule. Maji yako chini. Mchanga ndio tangi lake na ndio kifuniko chake. Pale mto unapopinda, akina mama huchimba visima vifupi na kuvizungushia matawi ya miiba ili mbuzi wasiingie. Anayefika kwanza asubuhi huchota maji yaliyolala na kuyamwaga, kisha hungoja mapya yachuje. Akishajaza mtungi wake huacha kibuyu kikielea kwa anayekuja nyuma. Hakuna anayekausha kisima. Ukikikausha utasemwa mpaka siku ya mazishi yako, na kwenye mazishi yenyewe watakusema wakila.

Kimoja cha visima hivyo kilikuwa cha Wawira, mjane auzaye ndengu katika soko la Ishiara. Mama mkwe wake alikichimba kabla Wawira hajaolewa, na mwaka ule wa njaa kubwa, bomba la Ishiara lilipokauka na wakubwa wakakimbilia mjini, kisima hicho hakikukauka. Goti lake moja ni bovu. Mto ukifa, Wawira hana pa kwenda na mtungi.

Tena alikuwa na ugonjwa mmoja ambao viongozi wanauogopa kuliko kipindupindu: hakuwa anasahau. Alikumbuka zahanati iliyoinuka mpaka kwenye madirisha ikachoka, na leo mbuzi huzalia humo bila kulipia kitanda. Alikumbuka josho la ng'ombe lililofunguliwa kwa ngoma na ambalo halijawahi kulowa ila kwa mvua. Alikumbuka bango la soko la kisasa. Soko lenyewe halikuja, lakini bango lilipata kazi: sasa ni mlango wa choo cha chifu. Ukienda kujisaidia huko unasoma kwa herufi kubwa kwamba maendeleo yamefika.

Kwa hiyo Chifu Ngari alipotangaza kwamba kaunti inakuja kusikiliza maoni kuhusu Mpango wa Maendeleo ya Jamii, Wawira alifunga kitambaa kichwani, akaenda mapema.

Mwenye mpango alikuwa Mwaniki, afisa kutoka Embu mjini, kijana wa viatu vilivyochongoka mbele. Alifika jua likiwa limeshakula watu nusu. Pembeni yake aliketi Lennox, kontrakta wa malori, aliyeliezekea kanisa mabati mapya. Tangu mabati yale, Lennox hawezi kupiga chafya bila Mchungaji Riungu kumwombea afya.

"Wananchi wapendwa, huu mpango si wangu," alisema Mwaniki. "Ni wenu."

Kisha akausoma huo mpango wa wenyewe kwa Kiingereza, Kiingereza kile cha ofisini kinachokimbia kama kimeiba kitu. Wazee walitikisa vichwa kwa adabu. Adabu yetu hiyo itatuua. Wawira alishika neno moja moja, na alipousikia mto ukitajwa na neno la mchanga likifuata, akainuka.

"Mheshimiwa, hapo pa mchanga. Ni wapi?"

"Hapo ni Kituo cha Uchumi wa Mchanga, mama. Kitaleta kazi kwa vijana."

"Sijauliza kitaleta nini. Nimeuliza ni wapi."

Mwaniki alimtazama Lennox, Lennox akatazama mlima. "Ni kwenye kona ya mto. Lakini hayo ni mambo ya kiufundi."

"Mchanga ni wa kiufundi? Mimi huuchimba kwa mikono hii."

Watu wakacheka. Chifu Ngari hakucheka. "Wawira, keti. Tulisema maoni ni mzee mmoja, mama mmoja na kijana mmoja. Muda umetubana."

"Na huyo mama ni nani?"

"Mama ameshaongea."

Kweli alikuwa ameongea. Alikuwa shemeji yake Lennox, na maoni yake yote yalikuwa kushukuru kwa soda.

Wawira akabaki amesimama, mkono juu, mpaka chifu alipotoa kofia. Hapo ndipo walipotuweza. Kamuthanga unaweza kumkatiza mbunge, unaweza kumkatiza hata mume wako, ila mtu akianza kuomba utanyamaza, utainamisha kichwa na kufumba macho. Mchungaji Riungu aliushika mkutano na maombi ya kufunga kama mtu anayeshika kuku.

"Baba, tunakushukuru kwa jua na kwa soda. Tunakushukuru kwa wageni hawa uliowatoa mbali. Na zaidi, Baba, tunakushukuru kwa mpango huu ambao watu wako wameupokea leo kwa moyo mmoja. Wote waseme?"

"Amina!"

Ilitoka kama ng'ombe anavyotoka zizini asubuhi, bila kuulizwa. Ilitoka hata kwa Wawira. Midomo yake ilikuwa imeizoea miaka mingi kuliko akili ilivyozoea kuikagua.

Alipofumbua macho Mwaniki alikuwa anatabasamu. "Mmejisikia wenyewe. Mbele za Mungu na mbele ya chifu, mpango umekubaliwa kwa sauti moja."

"Tulikuwa tunaomba!" alipaaza sauti Wawira. "Hatukuwa tunapiga kura!"

"Sasa unabishana na Mungu?" aliuliza chifu, na watu, waliokuwa wakigawiwa mikate, wakamwonea aibu.

Njiani alifuatana na rafiki yake Makandi, mwanamke wa Meru aliyeolewa Kamuthanga na ambaye mpaka leo anaamini hakuna ndizi nje ya Meru.

"Lakini yako ndiyo ilikuwa kubwa," alisema Makandi.

"Yangu gani?"

"Amina yako. Nilikuwa kando yako. Karibu nizibe sikio."

"Makandi, usinicheze leo."

"Sikuchezi, dada. Nakuambia tu. Kwetu Kinoru tukiombewa na mtu anayeezekewa kanisa na mwenye malori, jicho moja hubaki kazini."

Makandi alicheka peke yake. Wawira alikuwa ameona mto.

Vigingi vilikuwa vimeshapigwa kwenye mchanga, vyenye vichwa vilivyopakwa rangi nyekundu. Havikuwa vimengoja amina ya mtu. Kimoja kilikuwa ndani ya uzio wake wa miiba, kimesimama kando ya kibuyu kama mgeni aliyeingia jikoni bila hodi. Wawira alishuka, goti likilia, akachota maji yaliyolala akayamwaga, akangoja. Maji mapya yalikuja polepole, yakizunguka kile kigingi.

"Na tukiking'oa?" aliuliza Makandi.

"Watakipiga kingine. Kigingi si kitu. Kitu ni ile amina."

Sasa, mambo ya kaunti hayaishi mara moja. Lazima watu waitwe tena kuthibitisha walichokwisha kubali, ili baadaye wasilie. Mwaniki akarudi na tenti ile ile, na safari hii hata Kiingereza hakukileta. Alikuja kuvuna.

"Tufungue kwa maombi," alisema Chifu Ngari. "Mama mmoja ajitolee."

Unajua hapo huwa vipi. Akina mama husukumana, kila mmoja anamwona mwenzake ndiye mtakatifu. Kabla hawajaanza kusukumana Wawira alikuwa ameshafika mbele na kuishika maiki.

"Afadhali," chifu alimnong'oneza Mwaniki, ila maiki ilisikia. "Leo ametulia."

"Tuombe," alisema Wawira. Kofia zikatoka. Macho yakafumbwa, ya Mwaniki yakiwa ya kwanza, maana afisa akiwa kijijini humcha Mungu sana.

"Mwene Nyaga, Mungu wetu, wewe uliyeweka maji chini ya mchanga ili jua lisiyanywe, tunakushukuru."

"Amina," walisema watu, kama kawaida.

"Ulimfundisha mama mkwe wangu pa kuchimba, naye hakuwa amesoma mambo ya kiufundi."

Kicheko kidogo kilikimbia chini ya vitambaa. "Amina."

"Mwaka wa njaa hukutuacha. Bomba lilikauka, mto haukukauka. Tulikunywa sisi, mbuzi wetu, na hata chifu wako Ngari alituma mtungi, Baba, na sisi tukaujaza bila kumuuliza maoni."

"Amina!" Hii ilikuwa na meno.

Chifu alifumbua jicho moja. Alimgusa Mchungaji Riungu kwenye mbavu. "Mnyamazishe."

"Nitamkatizaje mtu akiongea na Mungu?" Riungu alinong'ona bila kufumbua macho. "Unataka wanipige?"

"Mkumbuke mgeni wetu Mwaniki," Wawira aliendelea. "Kule mtaa wa Majimbo, Embu mjini, anakokaa, Baba, maji humfuata mpaka ndani ya nyumba. Hajawahi kuyangoja yachuje. Mpe kiu, Bwana. Kidogo tu, ya kumfundisha."

"Amina!" Makandi alipiga makofi, jambo lisilofanywa katikati ya maombi, na hakuna aliyemkemea.

"Mkumbuke na Lennox. Umembariki kwa malori. Mwonyeshe mchanga mwingine, Baba, usio na watoto wanaounywa. Wanaosema mto huu umalizwe, wewe wasikie kivyako. Lakini wote wasiotaka mchanga huu uguswe, wewe Mungu wa kweli usiyefungwa na ajenda, wasikie sasa wakisema?"

Siwezi kukuandikia ile amina. Mbuzi waliokuwa zahanatini walitoka mbio. Wazee waliotikisa vichwa kwa adabu juma lililopita waliisema wakiwa wamefumbua macho, wakimtazama Mwaniki, na mmoja wao aliirudia kwa sababu aliona ya kwanza haikutosha.

Wawira aliirudisha maiki kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa.

Mwaniki alijifuta shingo. "Nawashukuru kwa maombi. Lakini, tafadhali, hii si njia ya kutoa maoni."

"Juzi ilikuwa njia," alisema Makandi.

Mtu aliyekuwa nyuma akacheka, akafuata mwingine, na tenti yote ikaanza kutikisika. Mwaniki alijaribu kutaja ajenda mara kadhaa, akashindwa hata kujisikia mwenyewe. Lennox aliondoka kupokea simu ambayo haikuwa imelia.

Lakini usishangilie. Hawa watu hawafi kwa kicheko. Kelele zilipotulia Mwaniki alisema, kwa upole ule wa mtu aliyekumbuka mlango wa nyuma, kwamba kwa kuwa hapa kumekosekana utulivu, mpango utapitishwa au kukataliwa katika kikao cha mwisho Embu mjini, Ijumaa asubuhi, kwenye ukumbi. Mwananchi yeyote mwenye maoni anakaribishwa. Milango iko wazi.

"Ijumaa ni siku ya soko Ishiara," alisema Wawira.

"Pole sana, mama."

"Na wewe unajua ni siku ya soko."

Mwaniki alikuwa tayari anakunja kiti chake.

"Tutakuja," Wawira alisema.

Lennox alikuwa amerudi na simu yake. "Mtakuja wangapi, nyanya?" aliuliza akitabasamu. "Wawili? Na hilo goti?"

Wawira aligeuka na goti lake, akaenda zake. Jioni ile aliking'oa kile kigingi kisimani mwake, hasira zikimsaidia, akakipeleka jikoni. Makandi alimkuta anachemsha ndengu juu yake.

"Si ulisema kigingi si kitu?"

"Si kitu. Ni kuni."

Waliketi wakila. Makandi alihesabu kwa vidole wanaoweza kuacha soko, akafika mahali vidole vikabaki vingi mno. Lennox alikuwa amehesabu sawa. Watakuwa wachache, watafika wakiwa na vumbi, askari mlangoni atawauliza wanatafuta nani, na ukumbi utakuwa umejaa watu wa Lennox waliobebwa kwa malori ya Lennox. Kisha mtu mwenye sauti nzuri atasimama na kusema tuombe.

Ndiyo maana nakwambia wewe. Wewe uliyepita ukaona tenti. Unakaa Majimbo, ukumbi uko kwa mguu kutoka mlangoni pako, na Ijumaa huna mbuzi wa kulisha. Gusa ukuta wa nyumba yako. Huo mchanga ulitoka mto wa nani? Uliwahi kuuliza, au wakati huo pia ulikuwa umefumba macho?

Ijumaa asubuhi uwe ndani ya ukumbi huo kabla ya wao. Mwachie Wawira kiti, maana goti lake halisimami muda mrefu. Waulize mchanga ni wapi, na wakikwambia ni mambo ya kiufundi uulize tena. Wakianza kuomba, ombeni, lakini macho yakae wazi, na usiseme amina mpaka usikie inafungia nini. Na kama unasoma haya siku yenyewe imefika, weka karatasi hii chini, vaa viatu, toka.