Saa Moja ya Katiba, Redio Chaza

Jumamosi ile, zikiwa zimebaki dakika saba kufika saa nne asubuhi, Nazira, mtangazaji, alipata ujumbe kwenye simu: "Ndege haijaondoka Pemba. Sifiki. Samahani sana." Aliyeutuma ni Virgílio, mwanasheria aliyekuwa aje Palma, kaskazini mwa Msumbiji, kuzungumza Redio Chaza kwa saa nzima juu ya jambo moja tu: kwa nini nchi inahitaji katiba iliyoandikwa. Tangazo lilikuwa limepigwa wiki nzima. Hata wauza samaki walikuwa wanajua.

"Tupige taarab," alisema Chaquir, fundi mitambo, huku anakoroga chai yake.

"Saa nzima?"

"Watu watacheza."

Mezani palikuwa na kitabu chembamba cha katiba, cha Kireno, ambacho Nazira aliazimwa na mwalimu Deolinda wa sekondari. Nazira hakuwa amevuka ukurasa wa pili. Hesabu yake ilikuwa mgeni aseme, yeye aitikie "naam" na "ehee". Taa nyekundu ikawaka, naye akajikuta anawasalimia wasikilizaji kwa sauti ya mtu anayejua anachokifanya.

"Mgeni wetu amekwama Pemba. Lakini katiba yenyewe ninayo hapa mkononi. Pigeni simu tuulizane."

Simu ya kwanza ilitoka sokoni. Sauti ilijulikana kabla mwenyewe hajajitaja: Mama Rehema, muuza pweza, ambaye hata akinong'ona husikika ng'ambo ya barabara.

"Mwanangu Nazira, nchi ina rais, ina polisi, ina mahakimu. Karatasi ya nini tena? Sisi hapa sokoni hatuna karatasi na tunaishi."

"Mnaishi vizuri, mama?"

Kicheko kikasikika. "Ah, hapo umenibana. Bwana Faizal, katibu wetu wa mtaa, mwaka jana alisema meza za mbele ni za anayewahi. Baada ya Ramadhani akasema ni za waliozaliwa hapa pwani, wa bara wakae nyuma, karibu na jaa. Jirani yangu Fernanda, Mmakonde wa Mueda, siku hizi anauza nyanya katikati ya nzi. Juzi kasema tena zitapangwa upya, vile atakavyoona yeye. Ukimwuliza sheria iko wapi, anajigusa kichwani."

Chaquir alitoa macho. Nazira alipekua kitabu mbio mbio mpaka akaifikia ibara ya thelathini na tano. Akaisoma kwa Kireno, halafu akaitafsiri polepole, kama mtu anayemtolea mtoto miba kwenye samaki: raia wote ni sawa mbele ya sheria, bila kujali rangi, jinsia, kabila, mahali walipozaliwa, wala dini.

"Mahali walipozaliwa?" aliuliza Rehema. "Imeandikwa hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo, mama."

"Hebu rudia, Fernanda asikie."

Nazira akarudia, na safari hii mwili ukamsisimka. Siku zote alidhani kile ni kitabu cha wakubwa wa Maputo. Kumbe ndani yake mlikuwa na meza ya nyanya.

Hakupata nafasi ya kufurahi sana. Mlango ulifunguliwa kwa kishindo, akaingia Bwana Faizal mwenyewe. Alikuwa kwa kinyozi, nyumba ya pili, ambako redio ilikuwa wazi. Shuka la kinyozi lilikuwa bado shingoni, na povu limejaa shavu moja.

"Zima! Zima hiyo redio sasa hivi!"

Mkono wa Chaquir ukakimbilia swichi. Faizal hakuwa mtu mbaya. Watu waliporudi Palma baada ya vita, yeye ndiye aliyezunguka mitaani kuwatafutia pa kulala, na ndiyo maana wengi waliona haya kumpinga. Isitoshe, barua ya ukazi ya mama yake Nazira ilikuwa mezani kwake, inangoja sahihi.

"Karibu, bwana katibu," alisema Nazira. "Tuko hewani. Palma nzima inakusikia."

Faizal akaangalia maikrofoni, akashusha sauti. "Basi zima taratibu."

"Ngoja kwanza nikusomee." Akafungua ibara ya arobaini na nane: raia wote wana haki ya kusema mawazo yao, vyombo vya habari vina uhuru, na haki hiyo haizuiwi kwa udhibiti.

"Nani kasema?"

"Katiba."

"Mimi sikuulizwa walipoiandika."

"Hata mimi sikuulizwa, nilikuwa bado najifunza kusoma. Lakini sheria ingekuwa kichwani mwako tu, leo ungenizima na mimi nisingekuwa na pa kukushika. Na akija mkubwa kuliko wewe akakuzima, wewe utamshika wapi?"

Mkono wa Chaquir ulitoka kwenye swichi. Faizal alivuta kiti kilichoandaliwa kwa ajili ya mwanasheria, akakaa. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa nyingine.

"Wakati ule wa kukimbia vita nilishushwa garini kwenye kizuizi. Bilhete yangu, kitambulisho changu, ilikuwa imeungua pamoja na nyumba. Mwenye bunduki akanisikia nasema Kiswahili, akaniambia wewe Mtanzania, rudi kwenu. Mimi! Baba yangu kazaliwa hapa, kazikwa hapa. Nilikaa juani kutwa nzima mpaka akapita mtu anayenifahamu." Akajifuta povu kwa shuka. "Hilo nalo limo humo?"

Nazira akapekua. Wasikilizaji walisikia kurasa tu, na Chaquir akaanza kumpungia mikono aseme lolote. Akaipata.

"Aliyezaliwa Msumbiji, na baba au mama yake akazaliwa Msumbiji, ni Mmsumbiji."

"Haikutaja lugha?"

"Haikutaja."

"Soma tena," alisema Faizal, na alipokuwa anasomewa aliinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza dua.

Simu ikalia. Rehema tena. "Bwana Faizal, pole kwa yaliyokukuta, sikuwa nayajua. Sasa meza zetu?"

Faizal akaguna. "Jumanne, baada ya adhuhuri. Njooni na kalamu."

Jumatatu mama yake Nazira alikwenda kuifuata barua. Alikalishwa kwenye benchi muda mrefu kuliko wenzake wote, lakini sahihi akaipata.

Jumanne soko lilifungwa mapema. Mwalimu Deolinda aliandika kanuni za soko, na mistari saba tu ikachukua saa tatu. Meza zipangwe kwa zamu, bila kuulizana mtu katoka wapi: huo haukuwa na ugomvi mkubwa. Ugomvi ulikuja kwenye wa pili, kwamba katibu hawezi kubadilisha zamu bila mkutano wa soko. Faizal alibisha: je, kukiwa na dharura? Je, mkutano usipojaa? Fernanda alisimama.

"Bwana katibu, wewe tunakuamini. Tunamwandikia atakayekuja baada yako."

Faizal akacheka, wa kwanza kucheka siku ile. Akaomba asomewe yote upya tangu juu, mara mbili. Halafu akatia sahihi, akamwambia Deolinda amnakilie nakala moja aende nayo nyumbani.