Mtafiti wa Mbu Afunzwa Kuhojiwa

Mtafiti wa mbu alikuwa na ugonjwa mmoja: ukimuuliza swali dogo, anakujibu kwa mhadhara. Basi afisa habari wa taasisi yao akamkalisha mbele ya kamera wiki nzima, akamnoa. "Swali likikubana, lisifu, halafu rudi kwenye ujumbe wako," alimfundisha. Somo likamkolea mtafiti hadi akapitiliza.

Jioni mkewe, akiwa anasuuza vyombo, akamuuliza, "Baba watoto, umeshamwambia mama yako kwamba Jumapili hatuendi kwake?"

"Hilo ni swali zuri sana. Jambo la msingi ni kwamba familia yetu inathamini..."

Mke akageuka, mwiko mkononi. "Ndiyo au hapana?"

"Nakushukuru kwa kulifuatilia suala hili..."

"Ndiyo, au hapana?"

Mtafiti akautazama mwiko. "Hapana."

"Umeona? Hujafa."

Kesho yake akawa redioni, hewani. Mtangazaji hakumpa nafasi ya kupumua: "Dawa yenu mpya inafukuza mbu?"

Sifa za swali zilishamfika mdomoni, ila akaukumbuka ule mwiko. "Hapana," akasema. "Kwa sasa inafukuza watu. Mbu wanaipenda."

Nyuma ya kioo, afisa habari alishika kichwa kwa mikono miwili. Lakini wasikilizaji walifurahi, simu zikamiminika. Ya mwisho ilikuwa ya mama yake mzazi.

"Mwanangu, leo nimekuelewa kila neno! Sasa niambie, Jumapili mnakuja?"

Mtafiti akakohoa kidogo.

"Hilo ni swali zuri sana, mama."