Ndege Iliyokataa Kushuka

Generoza alikuwa fundi wa simu na redio mjini Bariadi. Tangu pamba ivunwe na mashamba yabaki wazi, kila Jumapili baada ya misa ya pili mumewe, Machibya, alimpakia kwenye pikipiki wakaenda nje ya mji kurusha ndege. Ndege yenyewe Generoza aliiunda kwa mikono yake: mwili wa foma nyepesi ya kufungashia redio, mota ndogo, pangaboi puani, na rimoti ya kuiongozea. Miezi yote ya baridi ilimtii. Akisema panda, ilipanda. Akizima mota, ilishuka taratibu mpaka kwenye majani makavu.

Mwezi wa kumi jua likawa kali, ardhi ikapasuka. Jumapili moja ndege ilikimbia chini muda mrefu kabla ya kuinuka, nzito kama kuku aliyeshiba. Generoza akadhani betri inakufa. Lakini ilipofika juu ya shamba lililochomwa moto, ikaanza kupaa yenyewe.

"Punguza mota," Machibya alisema.

"Nimezima."

"Mbona inapanda?"

"Sijui."

Aliisukuma pua ichungulie chini, nayo ikazidi kupanda, mwewe wawili wakizunguka kando yake bila kupiga bawa. Ikawa nukta, kisha rimoti ikapoteza mawasiliano. Generoza alibaki ameikodolea macho mikononi mwake kana kwamba kosa liko humo.

Walizunguka kwa pikipiki kutwa wakiuliza watu. Jua lilipokuwa linaelekea kuzama waliikuta kwenye zizi la bibi mmoja aitwaye Kabula, imelala juu ya samadi, nzima. Bibi alikuwa amekaa mbali nayo, fimbo mapajani. Ng'ombe walikuwa nje, wamekatazwa kuingia.

"Mwadila, mayu," Generoza alisalimia kwa Kisukuma, akimwita mama.

"Mwadila. Hiki ni chenu?"

"Ni chetu."

"Nani amekituma kwangu?"

"Hakuna. Kimekuja chenyewe." Alipoyasema akajuta, maana uso wa bibi ulibadilika. Akaharakisha kueleza: "Nadhani ardhi imepata joto, hewa ya moto ikapanda, ikaibeba."

"Unadhani?"

"Nadhani, mayu. Miezi ya baridi haikufanya hivi."

Kabula alinyoosha fimbo juu. "Basi irushe hapa niione. Ikipotea tena, nitajua ni kitu gani."

Generoza alibadilisha betri. Hewa sasa ilikuwa imetulia na kupoa. Aliirusha, ikazunguka juu ya nyumba mara moja, tulivu. Akazima mota. Ikashuka, ikatua karibu na miguu ya bibi.

"Ni ile ile?" Kabula aliuliza.

"Ni ile ile."

"Hukuibadilisha kitu?"

"Betri tu."

"Mchana imekataa, jioni imekubali." Bibi aligusa bawa kwa ncha ya fimbo, kisha kwa kidole. "Na wewe uliyeitengeneza hujui kwa hakika kwa nini."

"Sijui kwa hakika," Generoza alikiri, na hakuona aibu.

Kabula akaagiza ng'ombe waingizwe. "Rudini kesho wakati wa jua kali," alisema. "Leteni na kamba ndefu ya kuishika, tuone kama itakataa tena."

Machibya alimtazama mkewe. Generoza alikuwa tayari anafikiria kamba ataifunga mkiani au tumboni, na kama itaizuia ndege au itakwenda nayo.