Nikumbushe Baadaye

…baadaye, ndiyo, baadaye, miaka mitatu amekuwa akibonyeza hapo, "Nikumbushe baadaye", na kompyuta ikitii bila kununa, leo maneno yenyewe hayapo, kuna "Endelea" tu, na binti fundi kasimama nyuma yake anauliza, "Mama, nibonyeze, au utabonyeza mwenyewe?"… subiri, mwanangu, kwani nyumba inaungua?… mfumo huu umeachwa, binti kaeleza vizuri tu, waliouunda hawautazami tena, ndiyo maana kirusi kiliingia na flashi ya mteja, mashine ya kudarizi ikashona beji arobaini za shule kichwa chini miguu juu, aibu gani ile!… lakini binti ataelewaje, mume yuko pale dirishani, mkono wa kulia umelala pajani tangu kiharusi, kila asubuhi humwelekeza mkewe hapa kitini bila hata kutazama skrini, yote anayo kichwani, "Shuka, ya tatu, sasa kulia, hapo hapo, ua hilo," naye humwitikia, "Haya, bosi," wakacheka, ndivyo maua yanavyotoka humu… kwenye mfumo mpya kila kitu kitahama, atasema "ya tatu" na ya tatu haipo, atarudia, kisha atanyamaza, na akinyamaza atabaki nini, jamani, mgeni kwenye karakana yake mwenyewe… "Mama?"… "Nakuja," anajibu, yuko hapo hapo kitini na anasema anakuja… na mume anasikia kila kitu, masikio hayakupooza… "Mama watoto," haya, huyo, "unaniogopea?"… nani, yeye? Hata!… "Kijiko nimejifunza kwa mkono wa kushoto, nikamwagia supu shati zima, ulikuwepo. Kompyuta ndiyo itanishinda?"… supu ile, ehe, alikuwa akimnyang'anya kijiko amlishe upesi, mpaka siku mume alipong'aka, niachie, mke wangu, niachie nimwage… mazoea yana taabu, Mungu wangu, kumbe si mume asiyetaka vitu vihame, ni yeye, kazoea kuwa mkono wake, akiacha kuwa mkono atakuwa nani… "Endelea" bado linasubiri, binti bado kasimama, Mama hajabonyeza, ila anakivuta kipanya, anauzungusha waya wake nyuma ya kompyuta, anakiweka upande wa kushoto, na kiti chake anakisogeza pembeni kidogo, mumewe apate pa kukaa.